Kabla ya Kulishusha Gari: Kuchagua Koilova kwa Barabara Zetu

Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya akiendesha Subaru Impreza. Mwaka 2000 Richard Burns akashinda mashindano hayohayo, naye akiwa na Impreza. Magari yale ya buluu yaliandaliwa kwa ajili ya Safari: yaliinuliwa kutoka ardhini, na kila gurudumu lilipewa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, maana kule mawe, mashimo na matope ndivyo vilivyoamua nani afike na nani abaki njiani. Leo ndugu wa magari yale, Impreza WRX na Legacy B4, pamoja na Toyota Mark X na Altezza, wamejaa Nairobi, Arusha na Dar es Salaam. Mengi kati yake yamepelekwa upande wa pili kabisa: yameshushwa mpaka kidole hakipenyi kati ya tairi na fenda.

Kifaa kinachotumika kuyashusha ni koilova, yaani springi na shokapu zilizofungwa pamoja kuwa kitu kimoja, huku mwili wa shokapu ukiwa umechongwa thredi kama za bolti. Fundi anazungusha pete iliyo kwenye thredi hizo kwa spana yake maalumu, na gari linapanda au kushuka. Juu kabisa, chini ya boneti, kuna kitasa kidogo cha kuongeza au kupunguza ukali wa shokapu, na kila hatua yake husikika kwa mlio mdogo. Wauzaji hupenda kutaja idadi ya hatua hizo. Seti nyingi za Tein ya Japani zina hatua 16. BC Racing ya Taiwan hutangaza 30. Mnunuzi anayelinganisha namba hizo peke yake ameanzia mwisho wa hesabu. Kitasa hakiwezi kusahihisha springi isiyofaa, wala hakiongezi hata milimita moja ya nafasi ya gurudumu kupanda. Springi na nafasi hiyo ndivyo vya kuchagua kwanza.

Kazi za vifaa hivi viwili zimegawanyika wazi. Springi hubeba uzito wa gari. Shokapu hutuliza. Bila shokapu, gari likishapita tuta moja lingeendelea kupanda na kushuka kama dau lililopigwa na wimbi. Ndani ya shokapu pistoni husukuma mafuta yapite kwenye vali nyembamba, na ile nguvu iliyotaka kulirusha gari inageuka kuwa joto. Ndiyo maana shokapu za gari lililotoka kukimbia kwenye changarawe huwa za moto zikiguswa.

Ugumu wa springi kwenye koilova za Japani na Taiwan huandikwa kwa kilo kwa milimita. Springi ya kilo 8 hubonyea milimita 1 kwa kila kilo 8 zinazowekwa juu yake. Chukua gari ambalo kila springi ya mbele imebeba kilo 350. Likiwa na springi laini ya kilo 3, uzito wa gari lenyewe unaibonyeza karibu milimita 117. Likifungwa ya kilo 8, inabonyea milimita 44 tu. Hapo ndipo barabara inapoingia katika hesabu. Gurudumu likifika kwenye shimo, springi ndiyo inayolisukuma lishuke likaifuate lami, na springi ya kilo 8 ina milimita 44 tu za kusukuma kabla haijamaliza nguvu zake. Zaidi ya hapo gurudumu linaning'inia hewani. Gari linapoteza mshiko mahali palepale ambapo mwenye gari aliamini amenunua mshiko.

Wahandisi wana kipimo kingine kinachosaidia: idadi ya mitetemo ya bodi kwa sekunde. Gari la kawaida la abiria huwa kati ya 1 na 1.5. Gari la michezo la barabarani hukaribia 2, na magari ya mashindano kwenye viwanja vya lami laini huvuka hapo. Katika mfano wetu, springi ya kilo 3 inatoa mtetemo wa karibu 1.46, na ile ya kilo 8 inatoa 2.38. Kwa hiyo seti inayouzwa kwa ajili ya matumizi ya kila siku inaweza kabisa kumpa mteja gari la uwanja wa mashindano, akaenda nalo kazini Jumatatu hadi Ijumaa kwenye barabara yenye viraka.

Ugumu una faida zake pia, na ni haki kuzitaja. Pakia watu nyuma na mabegi ya safari ya Krismasi, mzigo wa kilo 90 uongezeke juu ya kila springi ya nyuma. Springi ya kilo 3 itashuka milimita 30. Ya kilo 8 itashuka 11. Gari lenye springi ngumu halikai kitako, halilali sana kwenye kona za mlimani, na dereva akigeuza usukani linajibu papo hapo. Anayelitaka gari la namna hiyo hajakosea. Anachohitaji kujua ni kiasi gani cha faraja na mshiko anachokitoa ili alipate, na je, barabara yake inamruhusu.

Namba za springi haziwezi kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine. Mbele ya Impreza na Legacy kuna mtindo wa MacPherson, uliopewa jina la mhandisi Earle MacPherson na kuingia kwenye magari ya Ford ya barani Ulaya miaka ya mwanzo ya 1950. Katika mtindo huo shokapu imesimama karibu kabisa na gurudumu, hivyo gurudumu likipanda milimita 10, springi nayo inabonyea karibu milimita 10. Mark X na Altezza zina mikono miwili mbele, wa juu na wa chini, na springi imekaa ndani zaidi ya mkono. Gurudumu likipanda milimita 10, springi inaweza kubonyea 7 tu. Athari yake hujirudia mara mbili: 0.7 mara 0.7 ni 0.49. Springi ya kilo 10 iliyofungwa namna hiyo inahisiwa na gurudumu kama ya kilo 4.9. Basi mwenye Impreza anayesikia kwamba rafiki yake mwenye Mark X ana springi za kilo 10 na gari lake halirushi, asikimbilie kuagiza kilo 10.

Jambo la pili la kuuliza ni jinsi kimo kinavyobadilishwa. Kuna koilova ambazo kimo chake hubadilika kwa kushusha kiti cha springi tu. Hizo zina gharama iliyofichika. Gari likishuka, pistoni nayo imezama zaidi ndani ya shokapu, na kila milimita iliyoshushwa imekatwa kwenye nafasi ya kupanda. Gari lililokuwa na milimita 80 kabla ya kugonga raba ya mwisho wa mwendo, likishushwa 40, limebaki na nusu. Tuta la kwanza likikutwa kwa haraka, raba inagongwa, na kishindo chote kinapita moja kwa moja kwenda kwenye bodi. Wengi husema shokapu imekufa. Mara nyingi haijafa, imekosa nafasi tu.

Aina nyingine ina thredi hadi kwenye bano la chini linaloshika gurudumu. Hapo mwili mzima unarefushwa au kufupishwa, na mwendo wa pistoni unabaki kama ulivyopimwa kiwandani. Ni mpangilio bora, na anayenunua koilova kwa pesa yake mwenyewe autafute huu. Hata hivyo hauondoi ukweli mmoja: tairi bado limesogelea fenda, na sampu ya injini bado imesogelea tuta. Ukaguzi wa lazima wa magari nchini Japani haupitishi gari ambalo tumbo lake liko chini ya sentimita 9 kutoka ardhini, na kiwango hicho kimewekwa kwa nchi ambayo matuta kama yetu ni nadra. Dereva wa Dar es Salaam anayeelekea Iringa atavuka Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza kwa takriban kilomita 50, na matuta na rasta zimewekwa ili wanyama wasigongwe. Sentimita 9 hazimtoshi.

Kushusha kupita kiasi huharibu pia kile kilichokusudiwa kuboreshwa. Kwenye mtindo wa MacPherson, mkono wa chini hutakiwa kulala karibu sambamba na barabara. Gari likishushwa sana, mkono huo unaanza kupanda kuelekea kwenye gurudumu. Nukta ambayo bodi huizunguka inapolala kwenye kona hushuka kwa kasi kuliko kitovu cha uzito wa gari, na umbali kati ya viwili hivyo unaongezeka. Matokeo yake bodi inapata nguvu zaidi ya kulala, na ni ugumu wa springi pekee unaoficha jambo hilo. Tairodi nazo hukaa pembeni mwa mstari wake, hivyo gurudumu likipanda tuta usukani unavuta kidogo upande. Kwenye Subaru, ambayo magurudumu yote manne yanaendeshwa, draifshafti zinazunguka zikiwa zimepinda zaidi ya zilivyokusudiwa, na joiti zake huchakaa mapema. Kwa gari la kila siku, milimita 20 ni nyingi. Milimita 50 ni mapambo, na mapambo hayo hulipiwa na matairi, joiti na mgongo wa abiria.

Kitasa sasa. Shokapu ina kazi mbili: kuzuia springi isibonyee kwa ghafla, na kuizuia isirudi kwa ghafla. Baadhi ya vitasa hugusa kazi moja, vingine hugusa zote kwa pamoja, na vichache huzitenganisha. Mfano mzuri ni KW ya Ujerumani. Variant 1 yao hurekebisha kimo peke yake, Variant 2 huongeza marekebisho ya kurudi, na Variant 3 hurekebisha kubonyea na kurudi kila moja kwa kitasa chake. Bilstein nayo ina B14, ya kimo tu, na B16 yenye kitasa kimoja cha hatua 10 kinachobadilisha pande zote mbili. Koni ya Uholanzi, kampuni iliyoanza mwaka 1857 na ikajijengea jina kwa shokapu zinazorekebishwa, huuza zile za manjano zinazorekebisha kurudi tu, na kwa magari mengine ni lazima shokapu ifunguliwe kwanza ndipo izungushwe. Mnunuzi aliulize hilo mapema, maana kitasa kisichofikika hakina tofauti na kisichokuwepo.

Vitasa vingi vinavyojitegemea hutaka maarifa ya kuvitumia. Kwa mtu wa kawaida kitasa kimoja kilichotengenezwa vizuri kinatosha kabisa, na utaratibu wake si mgumu. Kitasa kinafungwa taratibu kuelekea ugumu mpaka kigome, bila kukilazimisha, kwa sababu ncha ya sindano iliyo ndani ni laini. Kutoka hapo kinarudishwa huku hatua zikihesabiwa, hadi katikati. Kushoto na kulia ziwe sawa. Kisha gari linaendeshwa kwenye barabara ileile, kwa mwendo uleule, na mabadiliko yafanywe hatua mbili kwa wakati mmoja, mbele kwanza au nyuma kwanza, kamwe si pande zote kwa pamoja. Namba ziandikwe kwenye karatasi.

Gari lenyewe litaeleza. Likipita tuta kisha likaelea mara mbili au tatu kabla ya kutulia, kurudi kumelegea mno. Likipita rasta au barabara ya vumbi yenye mikunjo na kila mkunjo ukahisiwa mkali kuliko uliotangulia, kurudi kumekazwa mno: springi haipati muda wa kufunguka kabla ya pigo linalofuata, hivyo gari linazama kidogo kidogo mpaka linaegemea raba. Kosa hili la pili ndilo la kawaida zaidi mitaani, kwa sababu watu huchukulia ugumu kuwa ni ubora. Dereva anahisi gari ni gumu, anashusha shingo na kulivumilia, kumbe hatua nne za kitasa zingemponya.

Ujenzi wa ndani nao una uzito wake. Shokapu za mrija mmoja zenye gesi ya shinikizo kubwa, zilizoletwa kwenye magari ya kawaida na Bilstein pamoja na Mercedes-Benz mwaka 1957, hupoa vizuri na mafuta yake hayatoi povu kwa urahisi. Kwenye safari ndefu ya barabara mbovu hilo ni jambo kubwa. Udhaifu wake ni kwamba pistoni inasugua ukuta wa nje wenyewe, hivyo jiwe likiupiga na kuubonyeza, pistoni inakwama. Shokapu za mirija miwili zina ukuta wa ndani uliolindwa na wa nje, na huvumilia zaidi pigo la jiwe, ingawa hupata joto mapema. Anayeishi kwenye lami afikirie mrija mmoja. Anayemaliza safari yake kila siku kwenye changarawe asiidharau mirija miwili.

Vumbi na chumvi ni maadui ambao vitabu vya watengenezaji huwataja kwa ufupi mno kwa mahitaji yetu. Thredi za koilova zikijaa udongo mwekundu kisha zikapigwa na hewa ya bahari ya Mombasa, Tanga au Zanzibar, pete ya aluminiamu hugandamana na chuma, na baada ya miaka miwili kimo hakirekebishiki tena. KW hutumia chuma kisichoshika kutu kwa sababu ya matatizo ya aina hii. Kwa seti nyingine dawa ni brashi, maji safi na kupaka kinga ya kutu kila gari linapofanyiwa sevisi. Vilevile koilova nyingi za michezo huja na kishikio cha juu chenye joiti ya chuma badala ya raba. Joiti hiyo hutoa usukani mkali sana uwanjani. Barabarani kwetu vumbi huingia ndani yake, na baada ya muda inaanza kugonga kila gari linapopita kijishimo. Kwa gari la kwenda kazini, kishikio cha raba ndicho sahihi.

Kisha kuna gari lenyewe. Legacy B4 ya mwaka 2005 imeshatimiza miaka 20, na raba zake, yaani bushi za mikono, vishikio vya juu na linki za stabilaiza, zimekauka zote kama hazijawahi kubadilishwa. Kufunga koilova mpya juu ya bushi zilizokufa ni kupoteza pesa. Gari litaendelea kugonga, usukani utaendelea kuvuta, na lawama zitaangukia koilova. Gereji inayojali kazi yake itakagua bushi na boljointi kwanza, itabadilisha zilizochoka, na itamaliza kwa alaimenti. Bila alaimenti baada ya kubadili kimo, matairi ya mbele huliwa upande wa ndani, mahali ambapo mwenye gari haoni mpaka nyuzi zitokeze.

Wengi hununua seti zilizotumika, zinazotoka Japani moja kwa moja au kupitia masoko ya spea ya Sharjah. Si vibaya. Lakini kila seti imetengenezewa msimbo wa bodi, na msimbo huo umeandikwa kwenye bamba la gari: BL5, GDB, GRX120, na kadhalika. Mark X ya GRX120 inaendeshwa na magurudumu ya nyuma, GRX125 na yote manne, na mtu asidhani shokapu za moja zitaingia kwenye nyingine kwa kuwa majina ya magari ni yaleyale. Fimbo ya pistoni ikaguliwe kwa jua: iwe inang'aa, isiwe na mikwaruzo wala madoa ya kutu, kwa sababu alama ndogo tu itachana sili na mafuta yatavuja. Kitasa kizungushwe mwanzo hadi mwisho, na kila hatua isikike.

Swali la matengenezo limesahaulika na wengi. Öhlins ya Uswidi, kampuni iliyoanzishwa na Kenth Öhlin mwaka 1976, hutengeneza shokapu zinazofunguliwa, kusafishwa na kuwekewa sili mpya. Ni vifaa vya hali ya juu, na seti mpya inaweza kula sehemu kubwa ya thamani ya Legacy kuukuu, lakini vinahitaji fundi mwenye vifaa na gesi ya naitrojeni. Tein wamefuata njia nyingine kwa mfululizo wao wa Flex Z: shokapu imefungwa moja kwa moja, haifunguliwi, na ikifa hubadilishwa peke yake kwa bei nafuu. Mahali ambapo fundi wa kufungua shokapu hapatikani, njia hii ya pili ina mantiki zaidi kuliko inavyosifiwa.

Watu wengi walioingia dukani kutafuta koilova wangehudumiwa vyema zaidi na kifaa kisichoshusha gari kabisa. Tein hutengeneza EnduraPro Plus, shokapu zinazopokea springi za kiwandani, zenye hatua 16 za kurekebisha, na ndani yake kuna mfumo wa mafuta wa kutuliza kishindo cha mwisho wa mwendo uliotokana na mashindano ya rally. Kwa modeli zilizotengenezewa, hilo ndilo chaguo la kwanza kwa barabara za Afrika Mashariki: kimo kinabaki, nafasi ya kupanda inabaki, na dereva anapata ukali anaoutaka. Mwenye Legacy spec.B ambayo ilitoka kiwandani na Bilstein azitengeneze au azibadilishe kwa Bilstein nyingine kabla ya kufikiria kitu kingine. Akitaka gari lisilale kwenye kona, stabilaiza nene ya nyuma itamfaa kuliko springi ya kilo 8. Koilova kamili zibaki kwa anayekwenda uwanjani mara kwa mara, au anayeishi na kufanya kazi ndani ya lami nzuri na yuko tayari kuzihudumia.

Na anayeamua kununua, amwulize muuzaji maswali matatu kabla ya kutoa pesa: springi ni za kilo ngapi mbele na nyuma, pistoni ina mwendo wa milimita ngapi kwenye kimo atakachokitumia, na sili au shokapu moja moja zinapatikana wapi zikiharibika. Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu asipewe imani ya mteja, hata kama kitasa chake kina hatua 30.